Cheti cha Nywele Tulivu

Nchi ninayoisimulia si ya kwenu. Nasema mapema ili mtu asije akaanza kutazama ramani, au kumtazama jirani yake kwa jicho la pembeni. Ni nchi ndogo, ya kijani, yenye watu wapole, na tangu mwaka ule wa Tangazo haina unyevu hata chembe.

Kabla ya Tangazo tulikuwa nao, tena mwingi. Chumvi iliganda ndani ya kopo ukaigonga kwa mchi. Kiberiti ulikichua mara tano ndipo kishike. Nguo ukizianika Jumatatu ulizianua Alhamisi, zinanuka kama mbwa aliyenyeshewa. Hatukujua kwamba ni aibu. Mwenzenu nilidhani ni hewa tu.

Ndipo Mtukufu Kiongozi akasafiri. Alikwenda nchi za baridi, akakaa siku tisa, akaona watu wa huko wamevaa makoti mazito, wanatembea haraka, nywele zimelala kichwani kimya, na kila kitu kinafanya kazi. Mtu mwingine angeuliza vitu vya huko vinafanyaje kazi. Mtukufu hakuwa na haja ya kuuliza, alikuwa ameona makoti. Aliporudi, mlango wa ndege ulifunguliwa, miwani yake ikaingia ukungu papo hapo, na kwa kuwa hakuweza kumwona mtu yeyote mbele yake, akazungumza bila wasiwasi.

"Ndugu wananchi," alisema, "maendeleo ni ubaridi na ukavu. Kuanzia kesho saa sita mchana, nchi yetu ni baridi na kavu."

Tulipiga makofi. Viganja vilikuwa vimelowa, kwa hiyo yalisikika kama mtu anafua.

Mtabiri wa hali ya hewa wa redio, ambaye kesho yake alisoma, kwa mazoea tu, kwamba unyevu ni tisini kwa mia, alihamishiwa kituo cha jangwani. Nchi yetu haina jangwa, kwa hiyo mpaka leo hajaripoti. Mkewe akienda kuuliza anaambiwa yuko njiani.

Jasho lilipewa jina rasmi: umande wa mwili. Watumishi wote wa serikali wakapewa makoti ya sufu, na mume wangu akapata kazi ya kushona vifungo. Baadhi ya watumishi walianguka mezani wakafa. Vyeti vyao vya kifo vinasema waliuawa na baridi, na familia zilipokea pole pamoja na blanketi.

*

Kila kitu kilipata maelezo yake. Chumvi kuganda ilikuwa hujuma ya wenye maduka. Kiberiti ulikuwa mkono mzito wa mwashaji. Nguo kutokauka ulikuwa uvivu wetu wanawake. Nywele ndizo zilizoshindikana.

Mnazijua nywele zetu za kipilipili. Unaziosha, unazipaka, unazichana kwa subira mpaka zinalala kama mtoto aliyeshiba uji. Unatoka nje na ndoo yako. Kabla hujafika bombani zimeshatimka. Mtu unaweza kumwambia anyamaze, akanyamaza. Nywele zake zinasema hewa ikoje, na zinasema hadharani, mbele ya kila apitaye.

Siku moja alikuja balozi wa nchi fulani. Watoto thelathini wa shule walipangwa uwanjani kumwimbia wimbo mpya wa kusifu ukavu. Ubeti wa kwanza vichwa vilikuwa vimetulia. Ubeti wa pili vikaanza kuinuka, kidogo kidogo, kama maandazi ndani ya mafuta. Kufika ubeti wa nne hakuna mgeni aliyekuwa anatazama midomo. Balozi alitoa kijidaftari akaandika neno moja. Neno lenyewe hatukulijua, lakini wiki iliyofuata tulikuwa na Wizara ya Utulivu wa Kichwa.

Wizara ilileta sheria: nywele za raia zisizidi vidole viwili kutoka kwenye ngozi. Vidole vya nani? Bunge lilikaa siku kumi na moja juu ya swali hilo. Likaamua viwe vya Mheshimiwa Waziri mwenyewe, ambaye ni mtu mwenye afya. Tukashukuru. Mwaka uliofuata Mheshimiwa akaugua tumbo, akakonda, na sheria ikakonda naye. Watu waliolala raia wema wakaamka wahalifu. Misikitini na makanisani tulimwombea arudishiwe hamu ya kula, na sijui kama kuna waziri duniani aliyewahi kuombewa kwa moyo mmoja kama yule. Mwishowe vidole vyake vilitengenezewa sanamu za plasta, wakati bado amekonda, zikasambazwa wilaya zote.

Kusuka kukapigwa marufuku. Hata ile ya haraka haraka, twende kilioni, ambayo mama zetu walitusuka tukiwa tumebanwa kati ya magoti yao. Wizara ilieleza kwamba kusuka ni kuficha ushahidi, na kunyoa kabla ya kupimwa ni kuuharibu.

*

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, Sikudhani, aliyetimiza miaka saba mwezi wa tatu. Darasa la kwanza linapokea watoto wa miaka sita na saba. Akifika nane jina lake linahamishiwa orodha ya Watakaosaidia Nyumbani, na mtu akishaingia orodha ile hatoki. Na shule haimpokei mtoto bila Cheti cha Nywele Tulivu, kinachotolewa siku moja tu kwa mwaka. Mwaka jana tulikwenda, nywele zikazidi. Kwa hiyo siku ya mwaka huu ilikuwa ya mwisho. Ama aipate shule, ama aupate ufagio.

Nami ufagio naufahamu. Niliachishwa shule darasa la nne. Nilipoolewa na kujifungua ndipo nikajiandikisha darasa la jioni, kwenye ghala la zamani la pamba, nikiwa na Sikudhani mgongoni. Alijifunza kutambaa chini ya dawati langu. Wanafunzi tulikuwa kumi na wawili, na mwezi wa kumi na moja tungefanya mtihani wa kumaliza.

Pale ndipo Mwalimu Kachenje wa sayansi alipotufundisha kwa nini nywele huvimba. Alisema kila unywele una kiu, unakunywa maji yaliyomo hewani, unajaa, unajikunja, unainuka. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, maji ya hewa ipi? Hewa yetu si kavu?"

Akatazama dirisha, akatazama mlango, akafuta ubao ambao haukuwa na kitu.

"Hewa ya mfano," alisema. "Tuchukulie mfano nchi nyingine."

Nikaandika kwenye daftari: hewa ya mfano. Nikapigia mstari.

*

Siku moja kabla ya upimaji, baada ya chakula cha mchana, nilimpeleka Sikudhani kwa Bi Havijawa, uani kwa nyuma. Bi Havijawa alikuwa msusi miaka arobaini. Sasa kisheria anaitwa mshauri wa vichwa, na kazi yake ni kutosuka.

"Shikamoo, Bi Havijawa."

"Marahaba. Umeniletea kichaka changu?"

"Mimi si kichaka," Sikudhani akasema.

"Si kichaka? Kitana nilichokipoteza humo mwezi uliopita kimekwenda wapi? Kaa hapa, mke mwenzangu, tukakitafute."

Bi Havijawa hana haraka. Alimwosha kwa maji ya vuguvugu, akammiminia ute wa bamia zilizochemshwa na kuchujwa, akaanza kuchambua kwa vidole kutoka nchani kupanda kwenye shina, fungu moja moja. Mwisho akachovya mafuta ya nazi, kidogo tu, akapitisha juu kama mtu anayefunika chungu.

"Wewe unamkausha kwanza ndipo umtoe nje, siyo?" aliniuliza.

"Namkausha kabisa. Nasugua na taulo mpaka liwe limelowa."

"Nyie kina mama wa siku hizi. Unamtoa mtoto na njaa, kisha unashangaa akidokoa kwa watu. Unywele ulioshiba maji yake hauombi ya nje. Ushibishe, ufunike kwa mafuta, halafu uache. Usiupapase. Kila ukiupapasa unauamsha."

"Sasa Bi mkubwa, mbona hukuwafundisha Wizara?"

"Walikuja. Nikawaambia maneno haya haya. Wakaniuliza, maji ya nje yapi? Nikaona hawa wana makoti na mimi nina wajukuu, nikawapa chai." Akamgeuza Sikudhani kichwa. "Foleni huko ni ya muda gani?"

"Mwaka jana tuliingia alfajiri tukatoka adhuhuri."

"Alfajiri mpaka adhuhuri mle ndani hata mimi ningesimama wima, seuze nywele." Aliingia chumbani akatoka na kitambaa cha hariri, akamfunga mtoto kichwani. "Mfungue jina lake likiitwa. Si kabla. Umenisikia, mama Sikudhani?"

Nikamsikia. Usiku ule Sikudhani alilala chali, mikono pembeni, kama maiti mwenye adabu.

*

Ukumbi wa Upimaji una madirisha kumi na sita, yote yamepigiliwa misumari ili baridi isitoke. Katikati wameweka jiko la mkaa, na juu yake sufuria kubwa la maji ya chai linalochemka tangu alfajiri, kwa sababu maofisa wanafanya kazi kwenye baridi na ni lazima wapashwe moto. Kina mama tulikuwa kama mia tatu na watoto wetu. Kuta zilikuwa zinatiririka.

Mlangoni askari alinyoosha mkono. "Kitambaa."

"Nitamfungua akiitwa, afande."

"Kitambaa, mama. Kuingia na kitambaa ni kuingia na siri."

Akakitupa kwenye rundo la vitambaa vya wenzangu. Niligundua kwamba kila mama alikuwa na Bi Havijawa wake.

Mheshimiwa Waziri alitufungulia shughuli kwa maneno machache, ambayo yalianza saa mbili yakaisha saa tano.

"Kina mama," alisema kutoka ndani ya kola ya manyoya, "unywele ni raia. Raia anayesimama bila kuambiwa asimame, anatafuta nini?" Makofi. "Nchi zilizoendelea, nywele zao zimelala. Je, zimelala kwa kuwa nchi zimeendelea, au nchi zimeendelea kwa kuwa zimelala? Wataalamu wangu wanalichunguza hilo. Lakini sisi hatuwezi kusubiri majibu. Tumeshaanza na kulala."

Makofi marefu. Mimi nilikuwa natazama kichwa cha mwanangu. Bi Havijawa alikuwa amefanya kazi ya kusifiwa. Mpaka saa nne vichwa vya jirani vilikuwa vimeshachachuka, cha Sikudhani kimelala kinang'aa. Kisha, wakati Mheshimiwa anashukuru wafadhili wa makoti, unywele mmoja ukachomoza nyuma ya sikio, mwembamba kama mche wa mtama. Nikauombea. Ukaja wa pili.

"Mama, zimesimama?" alinong'ona.

"Bado. Usitikise kichwa."

"Sitikisi. Hata sipumui."

"Pumua, mwanangu."

Upimaji ukaanza. Wa kwanza kupata cheti alikuwa binti wa mkurugenzi, ambaye hakuwepo. Alipimwa kwa simu. Afisa aliuliza, akasikiliza, akaitikia "ndiyo mzee" mara nne, akagonga muhuri. Kisha yakaanza kuitwa majina yetu sisi wengine, kwa alfabeti, kutoka mwisho kurudi mwanzo, kwa sababu mwaka jana walianzia mwanzo na kuna mtu alilalamika.

Jua lilikuwa utosini jina letu lilipoitwa. Afisa Mpimaji alikuwa kijana, rika langu, koti limefungwa mpaka kidevuni. Umande wa mwili ulikuwa unamdondokea juu ya fomu, naye anaufuta kwa fomu nyingine. Alichukua vidole viwili vya plasta akavilaza kwa ubavu juu ya utosi wa Sikudhani, akainama, akafumba jicho moja.

"Zimezidi."

"Kwa kiasi gani, afande?"

"Nusu kucha."

"Nusu kucha tu?"

"Mama, leo nusu kucha, kesho watu wako barabarani na mabango."

"Lakini amekuja zimelala. Askari wa mlangoni kaona. Zimeinukia humu humu ndani."

Wapimaji wa meza za pembeni walinyanyua vichwa. Wanawake nyuma yangu wakaacha kupunga leso zao. Sufuria lilikuwa linatokota, mvuke unapanda unagonga dari na kurudi kutudondokea, tone moja likaanguka mezani kati yetu, juu ya muhuri. Afisa akalitazama. Nami nikalitazama.

"Humu ndani kuna nini, mama?" aliniuliza taratibu.

Sikudhani alikuwa ameshika kidole changu kwa mkono wake wote.

"Baridi," nikasema.

Wapimaji wakarudi kwenye kazi zao. Afisa naye akashusha pumzi, na kwa kweli nilimwona amefurahi kwa ajili yangu. Akavuta droo.

"Ipo njia," alisema kwa sauti ya chini. "Fomu ya Tisa. Wenzako wote waliotangulia wamepitia hapo hapo. Lete kidole gumba."

Akafungua kisahani cha wino. Nikarudisha mkono.

"Naomba niisome kwanza."

Akanitazama kana kwamba nimemwomba avue koti. "Uisome?"

Nikaisoma. Ilisema hivi: "Mimi, mama wa mtoto aliyetajwa, nakiri kwamba nywele zake zimesimama kwa uzembe wangu na si kwa sababu ya hewa, ambayo ni kavu. Naomba mwanangu asihukumiwe kwa kosa langu. Na kwa kuwa mzembe hapaswi kuonekana nje ya nyumba yake baada ya saa kumi na mbili jioni, najiondoa kwa hiari yangu katika shughuli zote za jioni, yaani ngoma, vikao na masomo."

Nikairudia mstari wa mwisho.

"Masomo pia, afande?"

"Hicho kipengele hakimgusi mtu," alisema. "Nani anasoma jioni?"

Nilikuwa nahesabu: mwezi wa tisa, wa kumi, wa kumi na moja. Miezi miwili na siku kadhaa. Nyuma yangu mwanamke mmoja akasema, "Dada, weka dole hilo, watoto wanaungua," na mwenziwe akamwambia, "Mwache, anataka kujua anaumwa wapi."

"Mama," Sikudhani akanivuta, "tumepata?"

Nikaomba kalamu. Sikuweka dole. Niliandika majina yangu yote matatu, herufi zimekaa juu ya mstari kama nilivyofundishwa. Afisa aligeuza karatasi akaitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Una mwandiko mzuri sana," alisema. "Umejifunzia wapi?"

"Jioni," nikasema.

Akagonga muhuri.

*

Shule zilipofunguliwa mwezi wa kwanza, tulikwenda mapema. Sikudhani alivaa sare kubwa iliyoachiwa nafasi ya kukulia, mikono inafika vidoleni, na cheti nimekitia kwenye mfuko wa nailoni. Nilikuwa nimekosa mtihani wangu, lakini asubuhi ile sikuwa na kinyongo. Nilijiambia, mmoja wetu ameingia.

Mwalimu Mkuu alikisoma cheti mara mbili, akiwa ndani ya koti lake. "Hongera," akasema. "Nywele tulivu ni mwanzo wa akili tulivu." Akakitoboa, akakifungia kwenye jalada pamoja na vingine. Kisha akanyoosha kidole kuelekea banda la bati nyuma ya madarasa. "Haya, mtoto apite kule kwa kinyozi."

"Kwa kinyozi?"

"Mama, hii ni shule. Wanafunzi wote wananyolewa. Ni usafi. Wewe hukunyolewa?"

Nilinyolewa. Mama yangu alinyolewa, na bibi yangu angepelekwa shule angenyolewa. Siku ya kwanza unakwenda na nywele, saa nne uko kipara na ubao wako, hilo kila mtu nchini analijua kama anavyojua njia ya kwenda kisimani. Na katika kina mama mia tatu tuliokaa kwenye mvuke ule, na maofisa, na Mheshimiwa aliyeongea kwa saa tatu, hapakuwa na hata mmoja aliyelikumbuka.

"Nilinyolewa, mwalimu."

"Sasa?"

"Sasa cheti kilikuwa cha nini?"

Akanitazama kwa upole, kama mtu aliyezoea wazazi. "Cheti ni cha kuingilia, mama. Kipara ni cha kusomea."

Bandani kulikuwa na kiti kimoja na foleni ya watoto. Kinyozi alikuwa mzee asiye na maneno, mashine yake inauma kidogo upande mmoja. Sikudhani alikaa, akanipa mkono nimshikie. Hakulia. Zilianguka kwa mafungu, laini, bado zinanukia nazi, zikachanganyika na za wenzake pale kwenye saruji. Na kwa kuwa mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, zilianza kuvimba pale pale chini. Mzee alizisogeza kwa mguu, zikajikunjua zikarudi. Lundo lilikuwa limefika ugoko, bila mwenyewe, bila kichwa cha kulaumiwa. Mwalimu Mkuu alichungulia mlangoni, akaliona, akatazama barabarani kama kuna gari la mkaguzi, akaagiza lifunikwe gunia.

Sikudhani aliteremka kitini. Akapapasa kichwa chake mbele, nyuma, pembeni, akikitafuta.

"Mama, zitaota tena?"

"Zitaota."

"Zitaota zimelala?"

Mwalimu Mkuu alikuwa hatua mbili nyuma yangu. Nilikuwa nimeshasema uongo mmoja na kutia saini mwingine ili mtoto huyu asome, na nikaona kumwanzishia shule kwa wa tatu ni kumdhulumu.

"Hapana, mwanangu," nikamwambia sikioni. "Zitasimama."

Akanitazama usoni ajue kama natania. Kengele ikagongwa, akaingia darasani na kipara chake.